Haiba ya matrela ya kale ya kupigia kambi na nafasi yake Homa Bay na Migori

WATALII wengi wanaovuka Bonde la Ufa kuelekea magharibi huishia katika hifadhi ya Maasai Mara. Baada ya hapo hugeuza magari na kurejea Nairobi, ilhali mwendo wa saa chache mbele yao ziko kaunti za Migori na Homa Bay, zenye ngome ya mawe iliyojengwa karne kadhaa zilizopita, mbuga pekee ya Kenya iliyosalia na korongo, na ufuo mrefu wa Ziwa Victoria.

Korongo anayetajwa hapa si ndege mwenye miguu mirefu. Ni mnyama wa jamii ya swala, mkubwa karibu kama farasi, mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma na uso wenye mabaka meusi na meupe. Mnyama huyu amesalia katika Mbuga ya Ruma, iliyo ndani ya Bonde la Lambwe, na anayetaka kumwona alfajiri kabla jua halijawa kali ni sharti awe amelala karibu.

Hapo ndipo penye ugumu. Hoteli nyingi za eneo hili zimo mijini, yaani Homa Bay, Migori, Rongo na Mbita. Vivutio navyo vimetawanyika mashambani, nyikani na visiwani. Ndani ya Ruma kuna nyumba ya wageni na maeneo ya kupigia kambi yanayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), lakini ukizidi familia moja au mbili, kinachobaki ni hema. Na hema, kwa wengi waliowahi kulikunja likiwa limelowa umande, si starehe kubwa.

Kwa muda mrefu Wazungu na Wamarekani wamekuwa na jibu la tatizo hilo: nyumba ndogo yenye magurudumu, inayofungwa nyuma ya gari na kukokotwa hadi mahali pa kulala. Waingereza huiita karavani, neno lililotoka Uajemi likiwa na maana ya msafara wa ngamia. Wamarekani huiita trela. Kwa Mkenya neno trela kwanza huleta taswira ya lori refu la makontena katika barabara ya Mombasa, lakini trela linalozungumziwa hapa ni dogo, mara nyingi halizidi urefu wa mita tano au sita, na ndani yake mna kitanda, jiko, kabati, meza na tangi la maji.

Katika miaka ya hivi karibuni, matrela yanayotafutwa kwa bidii zaidi si mapya. Ni yale yaliyoundwa kati ya miaka ya 1930 na 1960, yenye mabati yanayong'aa, madirisha ya mviringo na mapazia ya maua. Watu huyatoa vichakani yakiwa na kutu, huyafumua yote na kuyatengeneza upya kwa miezi, kisha huenda nayo kambini.

Asili ya jambo hili ni ya zamani kuliko motokaa. Mwaka wa 1885 daktari mmoja Mskoti aliyewahi kuhudumu katika jeshi la wanamaji la Uingereza, William Gordon Stables, aliagiza kiwanda cha mabehewa cha mjini Bristol kimjengee gari la kuishi la mbao, akaliita Wanderer. Lilivutwa na farasi wawili, naye alisafiri nalo kutoka kusini mwa Uingereza hadi Inverness, Scotland. Kabla yake waliolala ndani ya mabehewa walikuwa wachuuzi, wanasarakasi na Waroma. Stables ndiye aliyeonyesha kwamba mtu mwenye nyumba yake nzuri anaweza kuiacha kwa hiari na kwenda kuishi barabarani. Klabu ya wenye karavani nchini humo iliundwa mwaka wa 1907.

Hata hivyo, umbo ambalo watu wengi hulikumbuka leo lilitoka Marekani. Wally Byam, mzaliwa wa Oregon mwaka wa 1896, alianza kwa kuuza michoro ya matrela kwa watu waliotaka kujiundia wenyewe. Mwaka wa 1936 kampuni yake ya Airstream ilitoa trela lililoitwa Clipper, lenye ganda la alumini lililounganishwa kwa ribiti kama bodi la ndege. Ufundi huo ulitokana na kazi ya Hawley Bowlus, fundi wa ndege aliyeshiriki kuunda ile ndege ya Charles Lindbergh iliyovuka Bahari ya Atlantiki mwaka wa 1927. Clipper liliweza kulaza watu wanne na lilikuwa na maji yake na taa za umeme, mambo ambayo nyumba nyingi za mashambani huko Marekani hazikuwa nayo wakati huo.

Umbo la mviringo halikuwa pambo tu. Upepo hulipita kwa urahisi, hivyo gari linalokokota hutumia mafuta kidogo kuliko likivuta sanduku la pembe nne. Wapenzi wa vitu vya kale husahau jambo hili wanaposifu uzuri wake, ingawa ndilo lililoufanya uzuri huo udumu. Mwaka wa 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliporudi kutoka mwezini, chumba walichotengwa kwa hofu ya vijidudu kilikuwa trela la Airstream lililofanyiwa marekebisho.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia hiyo. Kuanzia mwaka wa 1959 hadi 1960, Byam aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo. Msafara huo ulipita Kenya na kuingia Ethiopia, ambako Byam alikutana na Mfalme Haile Selassie. Barabara nyingi hazikuwa na lami, na picha za safari hiyo zinaonyesha matrela yaliyozama matopeni na kuvutwa kwa kamba. Hatimaye yalipangwa mbele ya mapiramidi ya Giza. Mwaka wa 1961 kampuni ilitoa trela dogo la futi 16, lenye uzito usiofika tani moja, likaitwa Bambi. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, jina hilo lilitokana na neno la Kibantu la huko Angola la swala mdogo. Basi trela mojawapo linaloenziwa zaidi na Wamarekani linabeba jina ambalo kampuni yake inadai limetoka Afrika.

Si yote yaliyokuwa ya kifahari. Matrela ya Shasta, yaliyoanza kuundwa mwaka wa 1941, yalikuwa ya watu wa kipato cha kawaida, nayo yalijulikana kwa mabawa madogo ya bati yaliyobandikwa nyuma. Yapo pia yale madogo kabisa yenye umbo la tone la maji. Ndani yake mna godoro tu, na jiko liko nyuma, chini ya kifuniko kinachoinuliwa. Majarida ya ufundi ya Marekani yalichapisha michoro yake, na watu waliyaunda katika vibanda vya nyumbani kwa plaiwudi na bati la alumini. Ni kazi ambayo fundi wa Jua Kali anayejua kuchomelea fremu na kukunja bati hawezi kuiona ngeni.

Mvuto wa matrela haya una sababu kadhaa, na si zote za kumbukumbu. Ndani ya trela la mita tano hakuna nafasi ya vitu visivyohitajika. Kila kabati lina kazi, kiti hugeuka kitanda, na meza hukunjwa ukutani. Anayeingia humo hulazimika kuchagua sufuria mbili na kuacha sita nyumbani. Aidha, wengi wa wanaoyakarabati hupata raha ya kazi ya mikono kabla ya raha ya safari. Nchini Marekani kikundi cha wanawake kiitwacho Sisters on the Fly, kilichoanzishwa mwaka wa 1999, kimejipatia umaarufu kwa kusafiri na matrela ya kale yaliyopakwa rangi kwa ubunifu na kwenda kuvua samaki. Wengi wa wanachama wake ni wanawake wa umri wa makamo. Wanaendesha na kukokota wenyewe, na usiku hufunga mlango wa bati badala ya zipu ya hema.

Mlango huo wa bati si jambo dogo kandokando ya Ziwa Victoria. Kiboko hutoka majini usiku kutafuta majani, naye hufuata njia zake zilezile. Hakuna ukuta wa alumini utakaomzuia kiboko aliyekasirika, na anayeegesha trela kati ya maji na malisho yake anatafuta balaa. Kinachosaidia zaidi ni wavu wa madirisha, kwa sababu adui mkubwa wa msafiri katika kaunti hizi ni mbu. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi nchini. Trela la kale ambalo nyavu zake zimetoboka ni bovu hata kama mabati yake yanang'aa kama kioo, na chandarua juu ya kitanda bado ni lazima.

Huko Lambwe kuna mdudu mwingine. Historia ya bonde hilo haiwezi kutenganishwa na mbung'o, ambaye nchini Kenya huitwa pia ndorobo. Malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe viliwafanya watu waliepuke bonde, na nyika ikabaki kwa wanyama. Mwaka wa 1966 ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka wa 1983 ikawa mbuga ya taifa kwa jina la Ruma. Ina ukubwa wa kilomita 120 za mraba. Wamo kongoni, taya, twiga, nyati na vifaru, na kati ya Aprili na Septemba hufika mbayuwayu wa buluu, ndege wahamiaji kutoka kusini mwa Afrika ambao idadi yao duniani inapungua.

Mbung'o huvutwa na vitu vikubwa vinavyosogea, na zaidi na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili. Gari likitembea polepole nyikani, mdudu huyu hulifuata akidhani ni mnyama. Kwa hiyo mwenye trela lililopakwa buluu ya bahari kwa ajili ya picha nzuri atajuta akifika Lambwe. Rangi ya maziwa au ya fedha humfaa zaidi, na madirisha yafungwe wakati wa mwendo. Wanasayansi wamekuwa wakichunguza wadudu wa aina hii kwa miongo mingi katika taasisi ya ICIPE, iliyoanzishwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ambayo ina kituo chake Mbita, ng'ambo tu ya vilima.

Barabara nazo zina neno. Kutoka Nairobi lami inafika Homa Bay kupitia Kisii na Rongo, na inaendelea hadi Mbita. Tatizo huanza mtu anapoiacha. Udongo wa sehemu kubwa ya Lambwe ni mweusi na mzito. Ukikauka hupasuka, na ukinyeshewa hushika gurudumu kama gundi. Gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne linaweza kujinasua likiwa peke yake, lakini likiwa na tani moja nyuma yake ni jambo jingine. Mvua ndefu huanza Machi hadi Mei, na za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Katika miezi hiyo busara ni kuliacha trela karibu na lami na kuingia mbugani na gari pekee.

Trela la kale lina matatizo yake hata mahali pakavu. Maji hupenya kwenye ribiti na pembe za madirisha, yakaozesha mbao zilizofichwa ndani ya kuta, na mnunuzi asiyejua huona bati zuri tu. Sakafu inayobonyea mguu unapokanyagwa karibu na mlango ni dalili mbaya. Tairi huzeeka kwa miaka hata kama halijatembea, na nyufa ndogo ubavuni zatosha kulipasua kwenye joto la mchana. Breki ni suala la uhai. Nchini Uingereza trela lililoidhinishwa kubeba uzito wa zaidi ya kilo 750 ni sharti liwe na breki zake lenyewe, kanuni ambayo mtu yeyote anayeteremka miinuko ya Kisii angefaidika kuifuata bila kulazimishwa na polisi. Mzigo nao upangwe ili sehemu yake ikae mbele ya ekseli. Trela lililoelemewa nyuma huanza kuyumba, na likishayumba kwa kasi huweza kuliangusha gari linalolivuta.

Liko pia jambo ambalo wanunuzi wengi hawalioni mpaka trela lishuke bandarini. Trela la Kimarekani huwa na mlango upande wa kulia, kwa kuwa huko magari hupita kulia na abiria hushukia ukingoni. Nchini Kenya, ambako magari hupita kushoto, mlango huo hufungukia katikati ya barabara. Umeme wake ni wa volti 120 ilhali wa Kenya ni 240. Trela la Kiingereza halina kasoro hizo mbili. Vyovyote liwavyo, ni lazima lisajiliwe na kupewa nambari yake yenyewe, zile zinazoanza kwa herufi Z.

Usiku, jiko la makaa lisiingizwe ndani kamwe. Ganda la alumini lililofungwa dhidi ya mbu hujaa hewa ya kaboni monoksidi upesi, na hewa hiyo haina harufu wala rangi. Mapishi ya makaa ni ya nje, na hilo si hasara, maana ngege aliyetolewa ziwani asubuhi huiva vizuri zaidi akiwa na moshi kidogo.

Hapa linazuka swali ambalo wapenzi wa matrela mara nyingi hulikwepa. Trela hubeba kitanda chake, maji yake na chakula chake. Msafiri anaweza kukaa siku tatu kandokando ya ziwa, akaondoka bila kuacha hata shilingi kijijini. Mgeni wa hoteli, hata akiwa na haraka, hulipa mpishi, mfuaji na mlinzi. Kwa kaunti ambazo tayari zinapitwa na watalii, kuongezeka kwa wageni wasiohitaji kitu chochote hakuna faida kubwa. Mwenye trela ana deni la namna fulani: kununua samaki kwa wavuvi wa ufuoni badala ya kuwatoa barafuni Nairobi, kulipa ada ya kiwanja kwa mwenye ardhi, na kumchukua mwongozaji wa mahali hapo.

Kuegesha katika boma la mtu pia kuna adabu yake. Katika dala la Wajaluo, mahali pa kila nyumba pana maana. Nyumba ya mke wa kwanza huelekea lango, na simba, yaani nyumba za wana wa kiume, hukaa upande wa langoni. Mgeni anayekuja na nyumba yake yenye magurudumu hawezi kuisimamisha popote apendapo. Humwuliza mwenye boma kwanza, na mzee wa kijiji hujulishwa. Kandokando ya Kendu Bay wenyeji husimulia habari za kijiji kilichomnyima malazi mwanamke mzee aliyepita njia usiku wa ngoma na pombe. Mvua ilinyesha, kijiji kikazama, na mahali pake pakawa Ziwa Simbi Nyaima, ambalo leo ni hifadhi wanakotua heroe. Aliyeokoka ni mwanamke mmoja aliyemkaribisha. Wanajiolojia husema ziwa hilo ni kasoko ya volkano.

Upande wa Migori, safari ya trela huelekea hasa Thimlich Ohinga. Ngome hiyo iko kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, na hufikiwa kwa njia ya Masara na Macalder, au kutoka Homa Bay kupitia Rodi Kopany na Ndhiwa. Inakadiriwa kuwa ilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, hazina saruji wala udongo wa kushikilia. Mawe yamepangwa kwa tabaka la nje, la ndani na la kati yakashikana yenyewe. Malango ni mafupi, hivyo aingiaye huinama na kuonekana na mlinzi kabla yeye hajaona kitu. Ilitangazwa kuwa mnara wa kitaifa mwaka wa 1981, na mwaka wa 2018 UNESCO ikaiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuta za namna hiyo hazipendi mtikisiko. Gari na trela viachwe mbali, watu watembee. Ni vyema pia kufika na maji ya kutosha, kwa kuwa eneo hilo ni kavu na vijiji jirani navyo huhitaji ya kwao.

Huko Rusinga, wazo la kusafiri na nyumba lilitangulia matrela. Mwaka wa 1948 Mary Leakey aligundua kisiwani humo fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Katika miaka iliyofuata familia ya Leakey ilikuwa ikisafiri kutoka Kisumu kwa mashua yenye injini iliyoitwa Miocene Lady, na mashua hiyo ndiyo iliyokuwa makao yao walipokuwa kazini. Siku hizi Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja, na gari lenye trela hufika mpaka karibu na kaburi la Tom Mboya. Mfangano bado huhitaji mashua. Anayetaka kuona michoro ya kale ya mviringo, myekundu na myeupe, iliyoachwa na Watwa kwenye miamba ya kisiwa hicho, huliacha trela Mbita.

Penye mwinuko Mbita ndipo pazuri pa kuliegesha, chini ya mti, maana bati huwaka kufikia saa sita mchana. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka, hivyo dirisha kubwa lielekezwe majini. Giza likiingia wavuvi wa omena huwasha taa zao, mamia kwa mamia, na ziwa lote huonekana kama mji. Zamani zilikuwa karabai, na sasa nyingi ni za betri na sola.